Jamii Zisizo na Mfalme Zisitafutiwe Mfalme

Kabla ya ukoloni, nchi inayoitwa leo Uganda ilijua njia zaidi ya moja ya kujitawala. Kusini na magharibi zilikuwapo falme kama Buganda, Bunyoro na Ankole, ambako mfalme aliteua machifu, akapokea kodi na kutuma majeshi. Kaskazini na mashariki, Walango, Wateso na Wagisu waliishi bila mtawala mmoja. Ukoo ulimaliza kesi zake wenyewe, wazee walipatanisha koo zilizogombana, na kiongozi wa vita alifuatwa maadamu anashinda. Katika miteremko ya Mlima Elgon, kijana wa Kigisu aliyetahiriwa katika imbalu alikuwa mwanamume kamili, na juu ya wazee wa ukoo wake hapakuwa na ikulu ya kukatia rufaa.

Leo kila moja ya jamii hizo tatu ina mkuu wa kimila anayetambuliwa na serikali: Won Nyaci kwa Walango, Emorimor kwa Wateso, Umukuka kwa Wagisu. Matunda yake yanaonekana. Bugisu, baada ya uchaguzi wa Umukuka wa tatu, watu wawili walidai kiti kimoja kwa miaka, na ubishi ukageuka kuwa ni jina la nani litachapishwa katika Gazeti la Serikali. Lango nako, uchaguzi wa 2024 uliacha pande mbili zikivutana hadi mahakamani. Magomvi haya huelezwa kana kwamba ni tamaa ya watu wachache. Sivyo. Yanatokana na uamuzi wenyewe wa kuzitaka jamii za koo ziwe na kichwa kimoja, na uamuzi huo ni kosa.

Wanaoutetea wana hoja zao. Buganda ilirudishiwa Kabaka, mfalme wake, mwaka 1993, kwa hiyo haki inataka wengine nao wawe na sauti moja mbele ya serikali. Viongozi wa kimila husaidia pia kuleta amani, kama ilivyoonekana Acholi wakati wa vita vya Joseph Kony. Hoja ya kwanza inachukulia kwamba usawa ni kufanana na Buganda. Ya pili inasahau kwamba mato oput, upatanisho wa Waacholi baada ya mauaji, hufanywa kati ya ukoo wa muuaji na ukoo wa marehemu chini ya wazee wao, na uzito wake unatoka kwa koo hizo mbili.

Jambo linaloamua suala hili ni moja: kiongozi anawajibika kwa nani? Mzee wa ukoo wa Kilango hakuwa na askari wala ghala la kodi. Neno lake lilikubaliwa kwa sababu lilikuwa la haki, na siku lilipoacha kuwa la haki watu walimwacha, au familia zilihama na mifugo yao. Uwezo huo wa kumkataa kiongozi ndio uliokuwa katiba ya jamii hizi. Anayeziita jamii hizo zisizo na utawala hajatazama: utawala ulikuwapo, ila haukukabidhiwa mtu mmoja.

Ukoloni ulivunja hasa kiungo hicho kati ya kiongozi na watu wake. Kuanzia 1899 Semei Kakungulu, jemadari Mganda, aliingia mashariki akisimika ngazi za utawala za saza, gombolola na muluka kwa mfano wa Buganda. Waingereza walipomwondolea madaraka aliyojitwalia, mfumo wake waliubakiza, na mawakala wa Kiganda wakatumika Teso, Bugisu na Lango. Chifu aliyepatikana kwa njia hiyo alikusanya kodi na kulazimisha watu kazi za barabara. Wazee wakilalamika, hakuwa na haja ya kuwajibu, maana aliyemweka alikuwa mkuu wa wilaya. Baadaye machifu walitoka miongoni mwa wenyeji, lakini ofisi ikabaki ileile, inayoangalia juu.

Sheria ya viongozi wa kimila ya 2011 inarudia kosa hilo kwa pesa. Kiongozi akishatangazwa, hulipwa na hazina shilingi milioni 5 za Uganda kwa mwezi. Wazee wa koo wanaweza kumchagua, lakini hawawezi kumnyima posho, na wakigawanyika, wizara ndiyo inayoamua kundi lipi lina mkuu halali. Hilo halivumiliki. Ibara ya 246 ya Katiba ya 1995 inakataza mtu yeyote kulazimishwa kuchangia gharama za kumtunza kiongozi wa kimila. Mlipa kodi wa Lira, Lango, au wa Mbale, Bugisu, anazichangia kila mwezi, ampende asimpende. Ibara hiyohiyo inasema suala la kiongozi lisilotatuliwa litatatuliwa na jamii yenyewe kwa utaratibu utakaowekwa na Bunge. Ofisa wa wizara si jamii ya Walango, wala si ya Wagisu.

Serikali yenyewe iliwahi kutumia kipimo bora zaidi. Mwaka 1993, John Barigye alipotawazwa Omugabe wa Ankole, ilikataa kumtambua kwa maelezo kwamba watu wa Ankole hawajaafikiana juu ya kuurudisha ufalme. Ankole ilikuwa na wafalme kwa karne nyingi, na bado ilitakiwa kuafikiana kwanza. Wagisu na Walango, wasiokuwa na mfalme hata mmoja katika historia yao, wana haki ya kupimwa kwa kipimo hichohicho, pamoja na haki ya kujibu kwamba mkuu mmoja hawamhitaji.