Ugumu wa Kifyatulio: Dawa ni Mkono, Si Tupa

Baada ya kila siku ya kulenga shabaha, husikika lalamiko lile lile kambini na katika vituo vya polisi: kifyatulio cha bastola ni kigumu mno, nacho ndicho kilichomkosesha askari alama. Lalamiko hilo si la uongo. Hatari huanza pale askari anapotwaa tupa au msasa, akaifungua silaha aliyokabidhiwa na umma, akajaribu kulainisha kwa siri kile ambacho kiwanda kilikipima. Tabia hiyo haina budi kukomeshwa.

Tumtendee haki kwanza mlalamikaji. Bastola nyingi zina uzito upatao kilo moja, lakini vifyatulio vyake huhitaji nguvu ya kilo mbili na nusu au zaidi. Kidole kikivuta kwa pupa, mtutu lazima uyumbe. Alama ya kulengea iliyo mbele ikihama milimita moja tu, basi kwa shabaha iliyo umbali wa mita 25 risasi itakwenda kando kiasi cha sentimita 15. Huko ndiko kumkosa mhalifu na kumpata mpita njia.

Lakini ugumu huo una sababu zake. Tuitazame bastola ya Browning iliyoanza kutumika katika jeshi la Ubelgiji mwaka 1935, ikaenea katika majeshi mengi ya dunia. Ndani yake mna kipande kidogo cha chuma kinachoizuia isifyatuke magazini inapokuwa imetolewa. Kipande hicho husuguana na magazini, na kwa hiyo huongeza uzito wa kifyatulio. Wapo mafundi wa mitaani wanaokiondoa, na kweli kidole huona nafuu. Lakini wamekiondoa kile kinachomwokoa askari aliyetoa magazini akasahau kwamba risasi moja imebaki katika chemba. Vivyo hivyo, anayesugua ndoano inayoishikilia nyundo huweza kuifanya bastola ifyatuke yenyewe inapoanguka chini. Nafuu ya kidole imenunuliwa kwa roho ya mtu.

Je, basi dawa ni kukifanya kifyatulio kiwe kizito zaidi? La. Polisi wa jiji la New York, Marekani, walipoanza kuacha bastola za silinda mwaka 1993, walitaka vifyatulio vizito vya zaidi ya kilo tano ili kuzuia ajali. Mwezi Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State, askari wawili walimfyatulia mtu mwenye silaha risasi 16, na raia tisa waliokuwa karibu wakajeruhiwa na risasi hizo au vipande vyake. Wengi waliulaumu uzito wa vifyatulio. Mwezi Novemba 2014, askari mgeni kazini alikuwa akiingia kwenye ngazi zenye giza katika jengo la Brooklyn, bastola mkononi. Risasi ikamtoka, ikagonga ukuta, ikamwua Akai Gurley, kijana wa miaka 28 asiye na silaha wala kosa. Raia walioteuliwa kuamua kesi hiyo walikivuta kifyatulio kwa vidole vyao wenyewe, wakaona jinsi kilivyo kizito, wakamtia askari hatiani. Baadaye jaji alilipunguza kosa, lakini marehemu hakurudi. Mwaka 2021 jeshi hilo la polisi lilianza kuwapa askari wapya bastola zenye vifyatulio vyepesi zaidi.

Fundisho ni moja: uzito wa kifyatulio haukuchukua nafasi ya nidhamu ya kidole, wala wepesi wake hautaichukua.

Yafaa nini kufanywa? Kwanza, bastola inayokwaruza au kukwama ipelekwe kwa fundi wa silaha wa kikosi. Mara nyingi kisa chake ni uchafu, mafuta yaliyoganda au springi iliyochoka, na mambo hayo hurekebishwa kwa vipuri vya kiwanda na kuandikwa katika daftari. Pili, askari afanye mazoezi ya kufyatua bila risasi, chini ya usimamizi. Risasi zote ziwekwe chumba kingine. Chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole. Mtutu uelekezwe kwenye ukuta usiopenyeka. Kisha avute polepole, moja kwa moja nyuma, hata nyundo ianguke bila alama ya mbele kutikisika. Dakika 10 kila siku hazigharimu hata risasi moja. Tatu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uamuzi wa kupiga umekwisha fanywa.

Wakuu wa vikosi nao wana wajibu. Askari anayepewa risasi chache za kujifunzia mara moja kwa mwaka hawezi kulaumiwa peke yake anapoitafuta njia ya mkato. Wampe muda, msimamizi na fundi hodari. Hapo tupa itabaki katika karakana ya seremala.

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Bastola itabaki kama kiwanda kilivyoiunda. Mkono ndio unaoweza kufunzwa.