Litungu Nalo ni Mali ya Taifa

Dhahabu ya mgodi wa North Mara, ulio jirani kabisa na Nyangoto wilayani Tarime, haitoki pale ovyo ovyo. Tangu mgodi huo uanze uzalishaji mwaka 2002, mikuo ya dhahabu hupimwa, huandikwa na kusafirishwa chini ya ulinzi mkali. Hakuna anayeshangaa, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba ile ni mali.

Lakini katika nchi hiyo hiyo ya Wakurya imo mali nyingine ambayo ilikuwapo kabla ya mgodi, na ambayo yapasa iwepo hata baada ya dhahabu kwisha. Mali hiyo ni litungu. Nalo litungu likipata safari ya mbali huviringishwa katika blanketi kuukuu, hutiwa kiroba, na likifika kiwanja cha ndege hukabidhiwa kwa wapakiaji pamoja na masanduku ya nguo. Mwenyewe hupanda ndege akiomba Mungu.

Litungu ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Lina bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili iliyounganishwa na mti wa juu, na nyuzi nane. Halikunjwi wala halifunguliwi vipande vipande kama zumari. Kila moja limechongwa na mtu mmoja kwa jicho na sikio lake. Gita likivunjika, mwenyewe anaweza kwenda dukani Mwanza au Nairobi akanunua jingine la aina ile ile. Litungu likivunjika hakuna duka la kulikimbilia. Yupo fundi mmoja kijijini, na mara nyingi fundi huyo ni mzee.

Ni kweli kwamba ndege haikuumbwa kwa ajili ya wanamuziki. Mashirika mengi huruhusu mzigo wa mkononi wenye uzito wa karibu kilo 7 na urefu wa karibu sentimita 55, hali gita la kawaida lina urefu wa kama mita moja. Ndege ndogo za mapangaboi aina ya Q400, ambazo Shirika la Ndege la Tanzania lilizipokea kuanzia mwaka 2016, zina makabati membamba zaidi kuliko ndege kubwa. Tena hewa ya ndani ya ndege ikiwa safarini ni kavu mno. Ngozi iliyozoea unyevu wa bonde la Mto Mara hukauka na kujivuta. Nyuzi zikiwa zimekazwa nazo huvuta upande wao, na mti ukizidiwa hupasuka. Hapo bado hayajatajwa mambo ya kurushwa na kurundikiwa mizigo.

Wala haya si ya Tarime peke yake. Mwaka 2008 mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alivunjikiwa gita lake katika safari iliyopitia Chicago. Alidai fidia kwa miezi mingi bila mafanikio, na mwaka 2009 akautungia wimbo mkasa huo. Dunia nzima ikausikia. Mwezi Februari mwaka 2020 Ballaké Sissoko wa Mali, bingwa wa kora, aliwasili Paris kutoka New York akaikuta kora yake imefumuliwa, na ndani ya sanduku mna karatasi ya idara ya usalama wa usafiri ya Marekani. Idara hiyo ilikana kulifungua sanduku. Ubishi uliendelea, kora ikabaki vipande.

Hata hivyo Marekani hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kutunga sheria mwaka 2012, na kanuni zake zikaanza kutumika mwaka 2015. Abiria anaruhusiwa kuingia na ala ndogo ndani ya ndege ikiwa inaenea katika kabati au chini ya kiti na nafasi ipo wakati anapopanda. Ala kubwa inaweza kukatiwa tiketi ya kiti chake yenyewe. Sheria hiyo haikumpendelea mwanamuziki. Iliondoa tu hali ya kumwachia mtumishi wa mlangoni aamue kwa hisia zake.

Wapo watakaosema kwamba nafasi ni haba, na kwamba abiria mwenye mkoba ana haki sawa na mwenye litungu. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu inatakiwa kanuni iliyoandikwa, inayojulikana na wote kabla ya safari, badala ya mabishano mlangoni. Mkoba ukisagika hununuliwa mwingine. Litungu la mzee likisagika, sauti yake imekwenda.

Lakini lawama zote zisitupwe kwa wenye ndege. Wasanii wenyewe wanapaswa kujua haki zao na wajibu wao. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unahusu safari za kimataifa. Unamtaka mwenye mzigo ulioharibika alalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu aupokee. Unamruhusu pia kutangaza thamani ya mzigo kabla ya kuukabidhi, kwa malipo ya ziada ikihitajika, ili fidia isiishie katika kiwango cha kawaida. Wangapi wanalijua hilo? Mali bila daftari hupotea bila habari. Vivyo hivyo, ala iliyowambwa ngozi ya kenge au kupambwa kwa sehemu za wanyama pori huhitaji vibali, maana Tanzania imefungwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama hao tangu mwaka 1980. Asiye na kibali anaweza kunyang'anywa ala yake ugenini, na hatakuwa na wa kumlaumu.

Hapa ndipo maofisa utamaduni na walimu wanapohitajika. Afisa anayeaga kikundi kinachokwenda ng'ambo asitosheke na hotuba na picha. Ahakikishe kila ala imepigwa picha na kuandikiwa thamani, nyuzi zimelegezwa, na kijiti kinachoziinua kimetolewa. Vyuo vya ufundi vyenye karakana za useremala haviwezi kushindwa kutengeneza sanduku gumu la mbao lenye sponji, lililopimwa kwa umbo la litungu. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina kila sababu ya kukaa na mashirika ya ndege na wasimamizi wa viwanja ili kanuni iandikwe.

Mwaka 1962, Jamhuri ilipozaliwa, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni kwa imani kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Hayati Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliithibitisha imani hiyo alipozipeleka zeze na ilimba mpaka Ulaya, akasikilizwa kwa heshima.

Kijana wa Nyangoto anayeona dhahabu ikisindikizwa na walinzi na litungu la babu yake likitupwa katika kiroba hahitaji mwalimu wa kumweleza ni kipi chenye thamani. Amekwisha kufundishwa. Ni wajibu wa wenye dhamana kulibadilisha somo hilo, na sanduku la mbao ni mahali pazuri pa kuanzia.