Fundi Ajibu: Redio ya Valvu Isiyosikia Vizuri

Bwana mmoja wa Nyacheki, katika Kisii, ametuletea barua ndefu juu ya redio aliyoachiwa na marehemu baba yake. Redio yenyewe ni ya valvu nne, ya miaka ya 1950, yenye kisanduku cha mbao, nayo ilinunuliwa kwa fedha za pareto. Asema kwamba usiku hunena kwa mbali kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, na mchana hunyamaza. Tena upande wa namba ndogo wa mawimbi ya kati hakuna lisikikalo saa yoyote. Mwenye duka mmoja amemshauri atoe vitu vyote vya ndani, atie kibao cha kisasa chenye FM na bluetooth, abakize kisanduku tu. Rafiki yake naye amwambia kwamba skrubu za ndani zimelegea na zapaswa kukazwa. Bwana huyu auliza afuate shauri lipi.

Twamwomba asifuate hata moja. Shauri la kwanza litampa redio kama ile iuzwayo katika kila duka, na kumwondolea ile ambayo haitengenezwi tena. Shauri la pili ni baya kuliko la kwanza, maana skrubu zile hazikulegea. Kila moja imesimama mahali ilipowekwa na fundi wa kiwanda kwa kipimo, na mtu azizungushaye kwa kubahatisha huifanya redio iliyo kiziwi kidogo kuwa kiziwi kabisa. Redio nyingi za zamani zilizoharibika pasipo tumaini hazikuharibiwa na miaka, bali na bisibisi.

Kabla ya yote yafaa bwana huyu ajue redio yake yaweza nini. Haiwezi kupokea FM, wala haikuundwa kwa kazi hiyo. Hupokea mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, na tangu miaka ya 1990 stesheni nyingi mpya za Kenya zimefunguliwa katika FM. Basi na aazime redio ndogo ya kisasa yenye mawimbi ya kati, aiweke juu ya meza ile ile, asikilize mchana na usiku ni stesheni zipi zipatikanazo pale Nyacheki. Zile ambazo redio ndogo haizipati, asiilaumu redio ya baba yake kwa kutozipata. Asikilize pia kelele. Taa nyingi za LED, chaja za simu na vidhibiti vya umeme wa jua hutoa mngurumo ufunikao stesheni dhaifu. Azime kimoja kimoja, naye atamjua adui kwa masikio yake.

Sasa tuje kwenye betri, maana hapa ndipo twashuku ugonjwa ulipo. Valvu alizotuandikia ni DK96, DF96, DAF96 na DL96, yaani za redio ya betri. Huhitaji umeme wa namna mbili: wa volti 1.4 wa kupasha moto nyuzi zilizo ndani ya valvu, na wa volti 90 hivi wa kuendesha kazi. Redio za namna hii zilifanywa kwa ajili ya watu wasio na umeme nyumbani. Wazee wengine watakumbuka ile iliyoitwa Saucepan Special, iliyotolewa mwaka 1949 kwa watu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ilikuwa ya mviringo kama sufuria, ikauzwa pauni tano, na betri yake ilidumu saa zipatazo 300.

Betri za volti 90 hazipatikani madukani mwetu. Badala yake, betri kumi za volti 9 hufungwa mfululizo, na kwa nyuzi hutumika betri moja kubwa ya tochi ya volti 1.5. Bwana wa Nyacheki atueleza kwamba kwa nyuzi anatumia betri ya kuchajiwa ili kupunguza gharama. Betri ya kuchajiwa hutoa volti 1.2 tu. Valvu ya kwanza, DK96, ina kazi mbili: hupokea mawimbi ya stesheni, na pia hutoa mawimbi yake yenyewe ya kuchanganya nayo. Nyuzi zake zikipungukiwa moto, ile kazi ya pili ndiyo hufa kwanza, na mara nyingi hufa upande wa namba ndogo. Hayo ndiyo aliyotueleza. Aweke betri mpya ya volti 1.5 kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Lakini asikilize vizuri neno hili. Volti 90 zikigusa waya wa nyuzi kwa nukta moja tu, valvu zote nne zitaungua pamoja, na kuzipata nyingine si kazi nyepesi. Kwa hiyo azing'oe valvu zote kwanza, aunge betri, kisha apime kwa mita katika soketi tupu. Katika tatu za kwanza, kati ya pini ya 1 na ya 7 asome volti moja na nusu, si zaidi. Katika ile ya DL96 apime kati ya pini ya 5 na ya 7. Akiona zaidi ya hapo, kuna waya uliokosewa. Volti 90 humshtua mtu pia. Asishike ndani kwa mikono miwili wakati betri imeungwa.

Kama redio bado ni dhaifu, asafishe pini za valvu na swichi ya kubadili mawimbi kwa spiriti, kisha azitazame kondensa za karatasi zilizofunikwa nta. Hizi huzeeka hata redio ikikaa kabatini. Ile iliyo kati ya DAF96 na DL96 ikivuja, sauti hukwaruza na betri hula umeme upesi. Zile za skrini zikivuja, volti hushuka na redio huwa kiziwi. Mpya za plastiki, za kiasi kile kile na za volti 250 au zaidi, ni rahisi kwa bei. Abadili moja, aijaribu redio, ndipo abadili ya pili; abadiliye kumi kwa siku moja hatajua amekosea wapi.

Baada ya hayo yote, ndipo tuzungumze juu ya kulinganisha. Iko njia ya kupima pasipo kugusa skrubu. Tuseme redio yake ni ya kilohezi 455, ambayo ni namba ya ndani ya redio nyingi, ingawa si zote. Aiweke sahani kwenye 600, kisha ile redio ndogo, ikiwa karibu, aitafute kwenye 1055, maana 600 na 455 ni 1055. Azungushe sahani ya redio ya valvu polepole. Kelele ya redio ndogo ikikatika ghafula au ikipiga mluzi, valvu ya kwanza ina uhai. Na mluzi ukija karibu na namba hiyo, upande huo wa sahani haukuhama sana, na skrubu ziachwe.

Ikiwa zimehama kwa hakika, apeleke redio kwa fundi mwenye mashine ya kutoa mawimbi ya kupimia. Fundi wa kweli ataanza na vile vikopo vya alumini, cha mwisho kwanza, kwa mawimbi hafifu, akitazama mita. Halafu valvu ya kwanza, upande wa namba ndogo kwa kijiti cha koili na upande wa namba kubwa kwa trima, akirudia mara mbili tatu. Mwisho koili za antena. Atatumia bisibisi ya plastiki au ya mti, kwa sababu chuma hubadili kipimo, na vile vijiti vyeusi huvunjika kama chaki. Atakayeanza kwa kuchukua bisibisi ya chuma, bwana huyu abebe redio yake arudi nayo nyumbani.

Limebaki jambo la waya wa nje. Bwana huyu atumia waya wa mita mbili uliozungushwa dirishani. Huo hautoshi. Waya wa mita 15, uliotungikwa juu kati ya nyumba na mti, mbali na nyaya za umeme, pamoja na fimbo ya chuma iliyopigwa chini penye unyevu, utaongeza sauti kuliko kazi yoyote ya fundi. Ila Kisii ni nchi ya radi, na watu wa Nyacheki hawahitaji kuambiwa hayo. Atie swichi nje ya nyumba ya kuunga waya huo na fimbo ile, naye aifunge kila wingu linapoanza kukusanyika, wala asingoje kusikia ngurumo.

Swali lake la pili, juu ya kusafisha mbao za kisanduku bila kufuta maandishi ya sahani, tutalijibu juma lijalo.