Kufuli na Mtego

Kufuli na mtego ni vyuma viwili vya ukoo mmoja, lakini kazi zao ni mbali. Kufuli hutundikwa mlangoni, na kila apitaye huliona. Mtego hufichwa majanini, na anaswaye huuona akiwa amekwisha kuumia. Mzazi ampaye mwanawe simu hana budi kuchagua kimoja kati ya viwili hivi. Wako wazazi wachaguao mtego na kuuita malezi. Hao ndio nitakaoshindana nao.

Sitetei uhuru usio na mpaka. Ndani ya simu mna kamusi, ramani, masomo na sauti ya ndugu aliye mbali. Lakini mna pia kamari, picha za aibu na wageni wajifanyao marafiki. Mtoto wa miaka 12 aliyeachiwa kitu hiki bila ya mpaka ni kama aliyeachiwa mashua isiyo na usukani. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee, wala hawakukosea. Kijana adhaniye kwamba kila mpaka ni uonevu akumbuke kwamba hata bahari ina ufuko wake.

Kufuli lenyewe si uganga. Katika simu za Android, ambazo ndizo nyingi katika Kenya, mzazi aweza kutumia Family Link, programu iliyotolewa na Google mwaka 2017. Katika iPhone iko Screen Time, iliyokuja mwaka 2018. Kwa njia hizi mzazi huweka kiasi cha saa za kutumia simu kwa siku, wakati wa simu kulala, na sharti la kwamba programu mpya isiingizwe bila ya idhini yake. Mtoto naye huona katika simu yake kwamba mpaka umewekwa. Hilo ndilo kufuli la haki.

Lakini ziko programu za namna nyingine, ziuzwazo kwa wazazi wenye hofu. Huingizwa katika simu kwa siri, hazionyeshi alama yoyote, na husoma jumbe za mtoto na kumpelekea mzazi. Huo ndio mtego. Watetezi wake wana hoja mbili.

Kwanza, husema kwamba mtoto hana siri kwa mzazi wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haisemi hivyo. Ibara ya 31 humpa kila mtu haki ya faragha, na mtoto ni mtu. Ibara ya 53 huamuru kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo limhusulo. Maslahi hayo humruhusu mzazi kuwa mlinzi. Sioni yanavyoweza kumruhusu kuwa jasusi wa nyumba yake mwenyewe.

Pili, husema kwamba mtoto akiona mlango umefungwa atapita dirishani. Ni kweli, madirisha ni mengi. Programu ikifungwa, tovuti yake yaweza kufunguka katika kivinjari ikiwa haikufungwa nayo. Na simu ya mwenzake haina kufuli. Lakini hoja hii huwageukia wenyewe, maana mtego nao hauoni yaliyomo katika simu ya jirani. Mahali chuma kinapokoma hubaki kitu kimoja tu, nacho ni imani baina ya mtoto na mzazi. Mtego huiua imani hiyo.

Fikiri, msomaji, juu ya msichana aliyempelekea mgeni picha yake kwa simu ya mwenzake, na sasa mgeni huyo anamtisha: lete fedha, ama picha itatangazwa. Usiku huo hakuna programu itakayomwokoa. Kitakachomwokoa ni kugonga mlango wa chumba cha mama yake na kusema, "Mama, nimepatwa na jambo." Atagonga ikiwa amemjua mama kuwa kimbilio. Ikiwa amemjua kuwa mpelelezi, hatagonga. Mzazi aliyetega mtego atakuwa amepata jumbe elfu asizozihitaji, na kuukosa ule mmoja aliouhitaji.

Basi mzazi na aketi na mtoto, waliweke kufuli pamoja mchana kweupe, na kila mpaka upewe sababu yake. Mtoto akionyesha busara, kufuli lilegezwe mwaka hata mwaka, ili atakapotimiza miaka 18 awe amekwisha kujifunza kujifungia mwenyewe. Simu ya mzazi nayo ilale wakati wa chakula, kwa kuwa amri isiyomgusa mwamuru haikai moyoni mwa mwamuriwa.

Nanyi vijana, mkikuta kufuli katika simu zenu, msilivunje. Ulizeni sababu yake, na mwombe lilegezwe mnapostahili. Mtoto aulizaye humlazimu mzazi kufikiri, na mzazi afikiriye hatahitaji mtego.