Chumba cha Kuchora Kisifungwe

Ndugu wanafunzi, nanyi mliotutangulia katika shule hii,

Katika mdahalo wa muhula uliopita mwenzetu mmoja alitaka chumba cha kuchora kifungwe, kiwe maabara ya pili. Akauliza, "Mchoraji atakula nini?" Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka. Leo naona nilicheka bure, basi naomba nafasi nimjibu.

Baada ya mdahalo ule tulikwenda Kampala, tukasimama mbele ya Sanamu ya Uhuru. Mtu amefungwa mwilini, lakini amemwinua mtoto juu, naye mtoto amenyosha mikono mbinguni. Nilikwisha kuiona pichani mara nyingi, wala sikupata kuuliza ni kazi ya nani. Ni ya Gregory Maloba, mtu wa Kenya aliyejifunza Makerere, nayo ni ya mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru.

Ndipo nikatafuta habari za chuo kile cha sanaa. Kilianza mwaka 1937 bila jengo. Bibi Margaret Trowell aliwafundisha watu barazani kwake. Katika wanafunzi wake alikuwamo Sam Ntiro wa Machame, ambaye picha yake moja imo katika Museum of Modern Art, New York. Uhuru wa Tanganyika ulipokuja, Ntiro alikuwa balozi wake London. Akaja Elimo Njau wa Marangu, aliyechora maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Murang'a, na watu wote mle ni Waafrika katika nchi yao.

Lakini anayenigusa zaidi ni Rosemary Karuga wa Kenya, mwanamke wa kwanza kusoma sanaa pale. Alifundisha shule miaka mingi. Aliporudia sanaa yake uzeeni hakuwa na rangi, basi alikata karatasi za pakiti za sabuni na unga, akazibandika zikawa kuku, ng'ombe na watu wa shambani.

Sikatai kwamba maabara yatufaa, wala sisemi kila mchoraji hutajirika. Nasema kwamba hawa walikula kama watu wengine, tena walituachia kitu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwaka 2021 Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alifanya maonyesho Royal Academy, London, akawapa nafasi wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia. Walikuwamo Elimo Njau na Theresa Musoke, wote wa Makerere. Watu wa London waliziona kazi zao. Je, sisi wa jirani tumeziona? Darasani kwetu niliuliza nani amjuaye Musoke, hakuna aliyeinua mkono.

Basi naomba mambo mawili. Kwanza, kila muhula tutundike kazi zetu katika ukumbi wa kulia kwa juma moja, nzuri na mbaya pamoja. Pili, tukienda tena Kampala, basi lisiishie sokoni na uwanjani, lifike na Makerere katika nyumba ya picha. Nanyi wazee wa shule, mkija siku ya wazazi, leteni japo bunda moja la karatasi.

Na yule mwenzangu wa mdahalo namwalika aje kuchora Jumamosi. Penseli ninayo.