Ufugaji wa Samaki Nyabibuye: Maji Yapimwe Kabla ya Kupandikiza Vifaranga

Kusitishwa kwa shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kulidhihirisha umuhimu wa mkoa wa Kigoma kuwa na samaki wa mabwawani. Kwa kata zilizo mbali na ziwa, kama Nyabibuye wilayani Kakonko, bwawa huweza kuwa chanzo cha karibu cha kitoweo na kipato. Hata hivyo, mafanikio yake hayategemei chakula na idadi ya vifaranga pekee, bali pia madini yaliyoyeyuka majini.

Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Hivyo, maji humwingia mfululizo na chumvi humtoka kupitia matamvua. Figo huondoa maji ya ziada, na upungufu wa chumvi hufidiwa na chakula pamoja na seli maalumu za matamvua zinazofyonza ayoni za sodiamu, kloridi na kalsiamu. Ufyonzaji huo, uliochunguzwa na mwanasayansi wa Denmark, August Krogh, katika miaka ya 1930, hutumia nishati ambayo samaki angeitumia kukua.

Maji yenye asidi huzuia ufyonzaji wa sodiamu na kuongeza upotevu wake, ilhali kalsiamu huyaimarisha matamvua dhidi ya upotevu huo. Katika nyanda za juu zenye mvua nyingi, madini ya udongo huoshwa. Maji ya chemchemi huweza kuonekana safi, kumbe yana asidi na kalsiamu kidogo.

Kwa sababu hiyo, upimaji utangulie upandikizaji. Kiwango cha pH kinachofaa ni kati ya 6.5 na 9. Ukali wa alkali ukiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, bwawa huhitaji chokaa ya kilimo wakati wa maandalizi. Chokaa iliyochomwa isiwekwe kwenye bwawa lenye samaki, kwani hupandisha pH ghafla na huweza kuwaua.

Gharama ya kupima maji ni ndogo kuliko hasara ya kupoteza vifaranga wa msimu mzima. Mpango wowote wa kugawa vifaranga vijijini utakuwa na tija zaidi iwapo afisa uvuvi atafika bwawani na kipimo cha maji kabla vifaranga hawajafika.