Waya wa Moja kwa Moja Si Dawa

Mwandishi mmoja ameshauri kwamba feni ya umeme ya lori ikigoma, iungwe moja kwa moja na betri; na kiyoyozi kisipopoza, kiongezwe gesi. Sikubaliani naye.

Ni kweli, dereva aliyekwama juani hana muda wa kusubiri. Lakini ushauri huo unafunika ugonjwa. Hapa Luano, madereva wa njia ya mpaka wa Kasumbalesa wanaijua dalili: lori likienda, baridi ipo, likisimama kwenye foleni ya mpaka, hewa ya moto inatoka. Likiwa mwendoni, upepo hupoza kondensa. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Feni isipozunguka, shinikizo la gesi hupanda, na swichi ya usalama huzima kompresa. Ukiongeza gesi hapo, unaongeza shinikizo juu ya shinikizo.

Badala yake, washa injini na kiyoyozi, kisha tazama feni. Haizunguki? Ipe umeme wa betri kwa waya wenye fyuzi, kwa muda mfupi, kupima tu. Ikizunguka, mota ni nzima. Kagua fyuzi, relei, waya wa bodi na sensa ya joto. Ikiwa inazunguka tangu mwanzo, safisha vumbi la kiangazi lililojaa kati ya kondensa na rejeta.

Juzi nilichomoa relei ya lori moja: mguu mmoja mweusi, plastiki imeyeyuka. Bila kupima, mwenye lori angenunua mota bure. Na waya usio na fyuzi, mota ikikwama, huweza kuwaka moto. Tuwafundishe vijana wetu kupima kwanza.